Fimbo za Gerung

Bibi Richenza alileta maiti ya mwanawe Gerung kwa mkokoteni wa ng'ombe, siku tatu katika theluji, akausimamisha mbele ya kanisa kuu. Gerung alikuwa ameangushwa na farasi, akavunjika shingo. Makaburini hawakumtaka, kwa kuwa mdogo wake wa tumbo moja, Askofu Folkmar, alikuwa amemtenga na Kanisa mwaka uliopita kwa kuchoma maghala ya watawa. Katika ibada ya kumtenga, mapadri kumi na wawili walitupa mishumaa chini wakaikanyaga, Folkmar akiwa wa kwanza. Siku ile alijiona mwadilifu kweli kweli, maskini.

"Nataka alale na baba yake," mama alisema.

"Alitubu?" aliuliza padri mzee Tammo. "Bila dalili ya toba, bibi, huyo ni wa kutupwa shimoni."

"Alijipiga kifua mara tatu. Nimeona kwa macho yangu haya."

"Basi uape juu ya mifupa ya mtakatifu."

Folkmar alimtazama mama yake. Mama alikuwa amemkazia Tammo macho bila kupepesa, vile vile alivyokuwa akimkazia baba yao kila alipowatetea wanawe kwa uongo. Na kiapo cha uongo juu ya mifupa ile kingempeleka motoni. Mkono wa mama ulikwisha kunyooka kuelekea mifupa.

"Acha, mama!"

"Niache wewe! Wewe una kanisa zima. Mimi nina huyu."

"Hakuna kuapa. Nimekuamini."

"Baba Askofu, sheria..."

"Nimesema nimemwamini, Tammo!"

Ikabaki fimbo. Aliyekufa akiwa ametengwa hufunguliwa kifungo hicho kwa maiti yake kuchapwa, pigo moja kwa kila mstari wa zaburi ya toba, na mchapaji ni yule yule aliyemfunga. Utotoni Gerung ndiye aliyechapwa kwa makosa ya wote wawili, wala hakuwahi kumtaja mdogo wake. Folkmar alishika fimbo huku akilia waziwazi mbele ya mapadri wake. Pigo la kwanza liligusa tu blanketi lililoifunika maiti. La pili vivyo hivyo.

"Folkmar," mama alisema taratibu, "piga vizuri, mwanangu. Wasije wakasema haikuhesabika, wakamfukua."

Askofu akainua mkono, akampiga kaka yake kwa nguvu zake zote, mpaka zaburi ikaisha.