Besi ya Mzee Dadi

Dadi alipiga gitaa la besi miaka kumi na moja katika bendi moja ya dansi hapa Morogoro, kabla hajashika useremala. Mwaka huu binti yake, Rehani, alizipata nyimbo sita za bendi ile kwenye kanda za zamani, akazihamishia kwenye simu ya baba yake. Dadi akaiunganisha na redio yenye spika mbili ndogo za mbao alizozitunza miaka ishirini, akaketi kusikiliza. Waimbaji walikuwepo, tarumbeta zilikuwepo. Yeye mwenyewe hakuwepo: besi yake haikusikika.

Mkewe, Mwanvita, alimkuta amebandika sikio kwenye spika, akamwonea huruma. Jumamosi asubuhi wakapakia redio na spika zake kwenye bajaji, wakatoka Kingolwira hadi mjini, dukani kwa Mikidadi, fundi anayeuza vyombo vya muziki.

Mikidadi aliwaamkia, akasikiliza shida yao, kisha akawawashia spika mpya ndefu, zinazomfikia Mwanvita kiunoni. Dadi alizipenda papo hapo. Alizizunguka, akazipapasa mbao zake kama anayetaka kuziposa. Besi ilisikika, lakini Mwanvita hakuridhika. Alisema mwimbaji anasikika kama amesimama uani, wakati spika za nyumbani humleta mpaka sebuleni.

Mikidadi hakubishana. Alichomeka zile za zamani, akaongeza sabufa moja, boksi jeusi la kukaa chini, akaeleza kwamba hilo litabeba sauti nzito tu na nyingine zote zitabaki kwa spika ndogo. Mwanzoni likanguruma mpaka kaunta ikatetemeka. Akalipunguza taratibu, hadi ikawa huwezi kujua besi inatokea wapi.

Hapo Dadi akajisikia akipiga. Vidole vyake vikaanza kutembea juu ya goti. Kwenye wimbo wa tatu Mwanvita akainua mkono.

"Hapo umekosea, Baba Rehani."

"Sikukosea. Yakobo ndiye aliyeharakisha dramu."

Mwanvita akamwomba Mikidadi arudishe nyuma. Wakasikiliza mara tatu. Mara ya tatu Dadi alicheka mpaka akavua miwani afute machozi.

"Nimekosea mimi," alisema. "Na miaka yote hii namlaumu marehemu."

Spika ndefu zikabaki dukani. Nyumbani sabufa iliwekwa kwanza kwenye kona, vikombe vikagongana kabatini. Mwanvita akaisogeza huku na kule mpaka ilipotulia kando ya kochi.

Alasiri hiyo Dadi alimpigia simu Agnes, mjane wa Yakobo, kule Matombo, akamweleza yote na kuomba radhi. Agnes alicheka sana. Akasema mumewe alilalamikia jambo hilo hadi uzeeni na hakuna aliyemwamini. Akaahidi kushuka wiki ijayo na mkungu wa ndizi, aje amsikie Yakobo wake akipiga sawasawa.