Choroko za Mama Candida

Bryson anauza kava za simu Mtaa wa Aggrey, na mdomo wake haujui kupumzika. Yeye ndiye aliyetuletea ule mchezo. Jumapili mchana, duka la vitenge la shangazi yangu likiwa limefungwa, tulipanda stoo ya juu, tukakaa kwenye marobota kuzunguka meza ya kukatia vitambaa, kila mmoja akawa mtu mwingine. Seifu alikuwa jambazi. Hajira alikuwa binti wa sultani aliyetoroka ndoa. Mimi Mwanne nilikuwa mpiganaji, maana hasira ninazo za kutosha. Bryson aliongoza: anatuambia tumefika wapi na tumekutana na nini, sisi tunasema tunafanya nini, dadu inaamua kama tumeweza.

Beno alikuwa mama yake.

Sitanii. Beno ni mpima vitambaa wa shangazi, kijana wa Songea, mpole mpaka anaudhi. Mama yake alifariki mwaka jana, na mhusika aliyejitungia ni mkunga aitwaye Mama Candida, jina lile lile la marehemu. Akianza kucheza, sauti inashuka, mikono inatulia, sote anatuita "wanangu". Mwanzoni tulimcheka. Baadaye Hajira akawa anamuuliza Mama Candida mambo yake ya kweli ya nyumbani kwao Magomeni, na anajibiwa vizuri kuliko nilivyowahi kumjibu mimi.

Ila Mama Candida alimharibia Bryson kila alichopanga. Tukiletewa majambazi tuwapige, yeye anawafunga vidonda na kuwauliza kama wamekula. Tukiletewa joka, anasema linaumwa jino. Seifu alikuwa anapiga miayo. Bryson alikuwa anachukia, na mtu anayependa kusikilizwa akichukia hasemi, anapanga.

Akaja na kanuni ya wema. Kila mhusika awe na glasi yake ya choroko kumi. Ukidanganya, ukitelekeza mtu, ukiua asiye na kosa, inatolewa moja. Pakiwa na ubishi, tunapiga kura. Glasi ikibaki tupu, mhusika wako amekwisha kuwa mwovu na anahamia kwa mwongozaji. Wewe unaanza na mtu mpya na glasi iliyojaa. Mimi nikapewa kazi ya kutoa choroko.

Wapo wanaosema kupima wema kwa namna hiyo ni upuuzi. Mimi nasema kuna faida kubwa. Bila zile choroko, Bryson angeonekana anamwonea mtu aliyefiwa. Kwa zile choroko, alionekana anafuata utaratibu.

Jumapili iliyofuata akatuletea mafuriko. Kijiji kizima kimezama bondeni, mtumbwi ni mmoja, umejaa watoto, na juu ya paa kuna wagonjwa wa kipindupindu wanaomwita Mama Candida kwa jina. Akiwapandisha, watoto wataambukizwa. Akiwaacha, wanazama. Beno akasema basi ashuke yeye, wapande wao. Bryson akamjibu kuwa mtumbwini kuna mjamzito ambaye uchungu umeanza, na mkunga ni yeye peke yake. Kila njia ilikuwa na choroko yake ya kutoa, kwa sababu Bryson alikuwa amekaa wiki nzima akiziba njia nyingine zote.

Beno alibembeleza kila choroko kama anavyobembelezwa yeye na wateja dukani. Hili si kosa langu lote, kaka, nipunguzie. Bryson hakupunguza. Mimi nilitoa, moja baada ya nyingine, na moyoni nilitamani kuwatandika vibao wote wawili, mmoja kwa ukatili, mwingine kwa kukubali.

Ilipobaki moja, mtoto mmoja akawa anakata roho mtumbwini, anamlilia mama yake aliyesombwa na maji. Mama Candida akampakata, akamwambia, "Mama yako anakuja, mwanangu. Lala kidogo."

Bryson akasema huo ni uongo. Beno akaomba kura. Seifu akanyoosha mkono upande wa Bryson. Hajira, yule yule aliyekuwa akienda kwa Mama Candida na siri zake, aliangalia simu yake kwanza, halafu naye akanyoosha. Mimi nilikataa, nikashindwa. Nikatoa choroko ya mwisho.

Bryson akaivuta karatasi ya Mama Candida upande wake, akamsukumia Beno karatasi nyeupe. Nilidhani Beno angeondoka. Alichukua kalamu, akaandika mhusika wake mpya: Beno. Nikamjazia glasi.

Hapo Bryson akaishusha sauti. Akaigiza ile sauti kabisa, na ule utulivu wa mikono.

"Mwanangu Beno, siku ya kunizika ulikuwa wapi?"

Nilimwambia Bryson aache upumbavu. Akasema sasa mhusika ni wake, anamchezesha atakavyo, kanuni tunaijua wote. Tulikuwa tunajua pia kwamba Beno hakwenda msibani. Sote tuliamini alinyimwa ruhusa, na mtaani shangazi yangu alisemwa sana kwa hilo, naye hakujitetea.

Beno alimwangalia Bryson kama vile hamwoni Bryson.

"Nilikuwa hapa dukani, mama. Bosi alinipa ruhusa ya wiki nzima. Mimi ndiye niliyeghairi. Niliogopa kukuona umelala vile."

Bryson alitaka uongo ili atoze choroko, na ukweli hautozwi. Seifu akauliza kwa sauti ndogo kama hii nayo ihesabiwe, maana ni kumtelekeza mtu. Hakuna aliyekuwa na hamu ya kura.

Beno akanyoosha mkono wake mwenyewe.

"Toa zote, dada Mwanne."

Nikasema sitoi. Akaichukua glasi, akaimwaga mezani, choroko zikatapakaa mpaka chini ya marobota. Kisha akaisukuma karatasi yenye jina lake mpaka mbele ya Bryson, akakunja mikono, akakaa kumsubiri aseme Beno afanye nini.