Vikapu vya Siku Elfu

Hitima ya kutimiza siku elfu tangu afariki mume wangu ilipokaribia, shemeji yangu Wagiyo alikuja na karatasi ya mama yao, mama mkwe wangu. Ndiyo iliyofuatwa tangu zamani: kila nyumba ya kitongoji ipelekewe kikapu cha wali na mayai sita.

"Nyumba sitini na mbili," alisema. "Muuze ndama, shemeji, tumalize."

Ndama yule ndiye ada ya binti yangu Ratmi, anayesomea ukunga. Nikamwambia nitafikiri.

"Unafikiri nini? Unataka kaka yangu aitwe marehemu wa mayai mawili?"

Nilicheka, lakini moyo ulikuwa mzito. Kumnyima marehemu haki yake siwezi, na kumwachisha mtoto shule pia siwezi. Nikamwomba Mungu anionyeshe njia.

Kesho yake nilikwenda ofisi ya kijiji kuomba ruhusa ya kufunga turubai barabarani. Karani alikuwa hajafika, nikakaa nikisoma ubao ambao hakuna anayeusoma. Hesabu ya mwaka huu: kaya 62, watu 186. Mimi niliishia darasa la sita, lakini kugawanya najua. Watu watatu kwa nyumba! Sita ni wa enzi za mama mkwe, kabla vijana hawajahamia viwandani. Kumbe ndiyo maana kila baada ya hitima kuku wetu hushinda wamelala, wameshiba wali wa marehemu.

Nikaagiza mayai 186 na mchele wa kiasi hicho; gharama ikawa nusu, akiba yangu ikatosha. Ndama akabaki zizini.

Wagiyo alipoona trei alishika kiuno. "Matatu matatu? Kwangu tuko tisa! Tuyakate kwa uzi?"

"Subiri kikapu chako, shemeji."

Ubao unajua jumla tu. Nani analala wapi, hilo najua mimi, maana miaka yote napita milango hiyo nikienda kuswali alfajiri. Basi Ratmi akashika penseli, mimi nikataja. Bibi Karsinah anaishi peke yake: yai moja. Mwalimu na mkewe: mawili. Kwa Wagiyo: tisa. Tulipomaliza nyumba ya mwisho lilibaki yai moja, la kichanga wa Sutini ambaye hajaota meno. Ratmi akalila.

Dua ikasomwa vizuri, watu wakaondoka na vikapu. Nilingoja maneno. Bibi Karsinah alirudisha kikapu chake kitupu, akanishika mkono. "Leo sikutupa hata punje, mwanangu. Mungu amrehemu mumeo."

Asubuhi Wagiyo akaja, kuku saba wakimfuata miguuni.

"Shemeji, tumekula tukashiba, sina neno. Lakini hawa wamenisumbua tangu alfajiri. Umewanyima hitima!"

"Hao hawamo ubaoni," nikamjibu, nikaingia ndani kuwatafutia ukoko.