Mimea ya Wanjira

Wanjira alipokwenda kwao Murang'a kujifungua kwa mamake, alimwachia mumewe Nahashon chumba, jiko la mafuta ya taa, na mimea yake mitatu iliyopangwa dirishani ndani ya mikebe.

Nahashon, fundi wa umeme katika hoteli moja ya Malindi, hakujua lolote juu ya mimea ya ndani. Alichojua ni kwamba joto la pwani lilimkausha koo yeye mwenyewe, basi akaona mimea nayo ina kiu. Asubuhi na jioni aliteka maji kisimani, akaimwagia mpaka mikebe ikafurika. Majani yakageuka manjano. Akaongeza maji. Ncha zikaungua, ule mmea wa majani mapana ukalegea shina, na chumba kikaanza kunuka kama mtaro.

Jumapili, alipotoka kanisani, alivuka uchochoro kwenda kwa mwenye nyumba, Bi Kulthum, ambaye kibaraza chake kilijaa rehani na asumini.

"Shikamoo, Bi. Mimea ya mke wangu inakufa, na maji naipa kila siku."

"Marahaba, mwanangu. Hebu twende niione."

Alitia kidole kwenye udongo, kikatoka kimejaa tope. Akacheka mpaka ushungi ukamteleza.

"Wewe waizamisha! Mizizi nayo yataka pumzi. Na haya maji ya kisima yana chumvi, sisi wenyewe hatuyanywi. Mikebe imetobolewa chini?"

"Haikutobolewa. Wanjira alikuwa akiinyunyizia kidogo tu, kwa mkono."

"Basi lete msumari."

Wakaipindua mikebe uani. Mizizi mingi ilikuwa myeusi, laini kama ndizi iliyooza. Bi Kulthum akaikata. Nahashon akatoboa mikebe, akachanganya udongo mpya na mchanga. Mmea wa majani mapana haukuwa wa kuokoa, ila kilele chake kilikuwa bado kizima. Bibi akakikata na kukisimamisha katika gilasi ya maji ya mfereji.

"Weka mbali na jua kali. Na kabla ya kumwagia, tia kidole. Udongo ukiwa na unyevu, uache."

Tangu hapo Nahashon alikuwa akirudi kazini, anavua viatu, anafuta majani vumbi kwa kitambaa kibichi. Upweke ukampungua. Siku alipoona mizizi myeupe ndani ya gilasi, alipiga kelele za furaha peke yake.

Wanjira alirudi na binti mchanga mgongoni. Akasimama dirishani.

"Huu si ulikuwa mrefu?"

Nahashon akamweleza yote, hata ile harufu. Wanjira akacheka mpaka akakaa kitandani. Kisha akamkabidhi mtoto, akavuka uchochoro kwenda kumshukuru Bi Kulthum, na punde vicheko vya wanawake wawili vikamfikia chumbani. Nahashon hakuona haya. Mtoto alikuwa amelala begani mwake, mzito kuliko alivyotarajia, naye hakutaka hata kuketi asije akamwamsha.