Paka wa Ndani ya Ukuta

Mimi sipendi kudanganywa. Nimeshona nguo za watu tangu ujana wangu, kwa hiyo uongo naujua: mtu anakuapia kiuno chake hakijabadilika huku futi mkononi mwako inakataa katakata. Ukinidanganya kuhusu kiuno nitakusamehe, nitaongeza kitambaa pembeni na maisha yataendelea. Mengine siyasamehe upesi.

Macho yangu yalianza kuniaga zamani. La kushoto limeshakwenda zake. La kulia linaona mwanga, dirisha, na kivuli cha mtu akipita. Presha ya macho, ndivyo wanavyoiita. Haiumi wala haipigi kelele, inakula taratibu kama mchwa. Lakini masikio yangu, Mungu ashukuriwe, yanasikia hata pini ikidondoka, na vidole vinajua pindo na vifungo bila kuuliza mtu.

Kila Alhamisi, tukishakula chakula cha jioni, mimi na binti yangu tulikuwa tunakaa mbele ya televisheni kutazama Mlango wa Nyuma. Kama hukijui, ni kipindi cha visa vya giza. Kila wiki kisa kipya na watu wapya. Hujamzoea mtu, keshakufa, na wiki inayofuata hakuna hata mmoja anayemuulizia. Kinachobaki ni ule muziki wa mwanzo na mlango unaolia kwiii.

Binti yangu ndiye aliyekuwa macho yangu. Ni mwalimu wa chekechea, mtaa mzima unamwita Mwalimu, na mimi mama yake mzazi namwita hivyo hivyo. Penye maneno nilisikiliza mwenyewe; penye kimya, alinisimulia. Na vipindi hivi vina kimya kingi, hasa mwishoni. Wanapenda sana mtu ageuke tu, asiseme kitu, halafu wewe ukae unajiuliza.

Sasa, msimu huu kipindi kilikuwa kimeniudhi. Kilikuwa kimelegea kama uji wa mgonjwa. Mwanamke aliyepotea msituni, akaonekana mzima. Mzee aliyefungiwa na wanawe chumba cha juu, wanawe wakaja wakapiga magoti, wakamkumbatia bila neno. Jamani! Giza gani hilo? Lakini kilichonimaliza ni kisa cha fundi mwashi.

Huyu mwashi alipewa kazi na tajiri mmoja, ajenge ukuta haraka na asiulize maswali. Akajenga. Kesho yake akasikia mtu anagonga kwa ndani: ko, ko, ko. Anauliza watu, wanamwambia ni masikio yake. Anaondoka, anarudi, ko, ko, ko. Mimi nilikuwa nimeukumbatia mto wa kiti mpaka pamba zinataka kutoka. Mwishoni maneno yakaisha, ikabaki ko, ko ya mbali.

"Nini sasa?" nikauliza. "Sema basi, roho yanitoka!"

"Amechukua nyundo," Mwalimu akasema, kwa ile sauti yake ya kulaza watoto. "Anavunja ukuta. Tofali la kwanza... la pili... Ah! Paka, Mama. Ametoka paka mweupe, kajaa vumbi. Fundi anamkumbatia."

"Paka?"

"Paka."

"Mbona nasikia kama kijiko kinakwangua sufuria?"

"Ni kucha zake, Mama."

Nililala na hasira, nikaamka nazo. Yaani saa nzima mtu ananitoa jasho kwa ajili ya paka!

Kwa kawaida Ijumaa siendi kazini. Mwalimu ndiye aliyepanga hivyo: Ijumaa ni siku ya kupumzisha macho. Na redio ya nyumbani, sijui ina pepo gani, kila Ijumaa asubuhi betri zake zilikuwa zimekwisha, na Jumamosi zimefufuka. Lakini Ijumaa ile kulikuwa na mteja aliyetaka sketi yake kabla ya jioni, na ahadi ni deni. Mwalimu alipokwenda shuleni, nikachukua fimbo yangu, nikaufuata ukuta kwa mkono mpaka kwenye chumba changu cha kushonea.

Chumba hicho kimepakana na cha kinyozi, na katikati ni ubao tu. Kinyozi ana ulimi mkali kuliko wembe wake, na watu huenda kwake kunyolewa na kubishana, sijui lipi linatangulia. Asubuhi ile redio yake ilikuwa kwenye kipindi cha maoni ya watazamaji, na hapo dukani wateja nao walikuwa wanatoa ya kwao.

"Vitu hivi vipigwe marufuku," alisema mwanamume mmoja mwenye kikohozi. "Umetoka kazini umechoka, unataka ucheke kidogo, unaletewa maiti sebuleni!"

"Kwani maisha yako wewe yana mwisho mzuri?" mwingine akamjibu. "Afadhali hawa wanasema ukweli."

"Mimi natazama nimejifunika shuka gubigubi," alisema mama mmoja aliyemleta mtoto kunyolewa. "Lakini kikiisha, hata mume wangu namwona mzuri."

Wakaangua kicheko. Kinyozi akasema shida yake ni moja tu, kwamba kila wiki watu ni wapya. "Ni kama kuoa kila Alhamisi na kufiwa kila Ijumaa," akasema. "Moyo wa binadamu si stendi, watu washuke na kupanda."

Nilivumilia, nikashindwa. Giza, giza, giza lipi? Nikaacha sketi kwenye cherehani, nikaingia kwake.

"Hamjambo. Hiyo namba ya redio, mwanangu, nipigie. Nina maneno nao."

"Mama Fundi na wewe unatazama?" kinyozi akashangaa. "Haya, leo redio imepata dawa yake."

Simu ikaita, ikapokelewa, nikawekwa hewani. Nikajikohoza. Nikasema mimi ni fundi cherehani na mtazamaji wao wa siku nyingi, na nina malalamiko. "Mmelegea! Kila wiki mwisho mtamu kama pipi. Mmetutisha weee na yule mwashi wenu, tumekosa hata hamu ya maji, halafu mnatutolea paka!"

Mtangazaji akauliza:

"Paka gani, mama?"

"Paka mweupe, wa ukutani. Aliyetoka mwashi alipovunja ukuta."

Nikasikia wenzake kule studioni wanacheka. "Mama yetu, labda jana ulikuwa umefungulia chaneli ya watoto," akasema. "Asante kwa kupiga!" Simu ikakatika.

Mle dukani hakuna aliyecheka. Mashine ya kunyolea ikazimwa. Nikasikia kigoda kinaburutwa, na mkono wa kinyozi ukanikalisha.

"Mama Fundi," akasema polepole, "hakukuwa na paka."

"Alivunja ukuta?"

"Hakuvunja. Alichukua mwiko, akaupiga ukuta lipu. Halafu akapiga lipu ya pili, nene zaidi. Kule kugonga kukawa kunafifia, kunafifia, mpaka kukaisha. Akapangusa mwiko wake, akaenda nyumbani kula."

"Nilisikia," nikasema. "Ule mwiko niliusikia mimi mwenyewe. Nikaambiwa ni kucha."

Nikamuulizia yule mwanamke wa msituni. Hakuonekana. Nikamuulizia yule mzee wa chumba cha juu. Kinyozi akavuta pumzi. "Wanawe walihama, Mama. Walifunga nyumba wakaondoka."

Nilikasirika kwelikweli. Mimi, mtu mzima, kusimuliwa hadithi za sungura! Kuchekwa na nchi nzima! Nilikuwa namtungia maneno Mwalimu kichwani, maneno mazito, na katikati ya neno moja hasira ikakatika.

Kwa sababu kulikuwa na kimya kingine ambacho Mwalimu alikuwa ananisimulia. Tukienda hospitali ya macho, mimi hutiwa matone nikakaa kwenye kiti nimefumba macho, na daktari humwita yeye pembeni. Wananong'ona. Akirudi, hunishika bega na kuniambia kwa sauti ile ile: "Daktari amefurahi sana, Mama. Tuendelee na matone tu."

Amefurahi sana. Paka mweupe, kajaa vumbi.

"Kinyozi," nikasema, "funga duka."

"Saa hizi? Mama, hapa nina kichwa nusu kimenyolewa, nusu bado."

"Kimalize. Halafu unipeleke kwa daktari wa macho. Na usipotaka nitakwenda peke yangu, nikigongwa na gari utajua mwenyewe pa kuuweka uso wako."

Akakimaliza kile kichwa haraka, mwenye kichwa akilalamika kimeachwa na ngazi, na tukaondoka. Sketi ya watu ilibaki kwenye cherehani, sindano ndani ya kitambaa.

Daktari ni mwanamke mwenye maneno machache. Aliponiona na kinyozi, akauliza binti yangu yuko wapi.

"Yuko kazini kwake," nikasema. "Macho ni yangu, niambie mimi. Na usiniwekee sukari."

Akavuta kiti, akaniambia. Matone yalikuwa yameshindwa. Jicho la kulia lilikuwa linazidi kufifia, na ilitakiwa lipasuliwe ili kushusha presha. Kupasua hakutarudisha kilichopotea, kutalinda kilichobaki. "Na sikufichi, Mama. Kunaweza kushindwa, ukakosa hata huo mwanga ulio nao. Lakini tukikaa hivi hivi, utaukosa kwa hakika. Nilimwambia binti yako tangu mvua zilizopita. Alisema mnashauriana."

"Nafasi bado ipo?"

"Ipo, ila si ya kuchezea."

"Basi nipangie siku ya karibu," nikasema. Kinyozi akanishika mkono, tukatoka.

Nilimsubiri Mwalimu sebuleni, televisheni imezimwa. Aliingia ananukia chaki na vumbi la watoto, akaweka mfuko wake mezani.

"Leo redio ina betri?" nikamuuliza.

Kimya. Sikuhitaji wa kunisimulia kimya hicho.

"Nani kakwambia, Mama?"

"Nchi nzima. Nimechekwa redioni kwa ajili ya paka wako. Kisha nikaenda hospitali, nikaambiwa na mengine."

"Mama, tulia kwanza, usiwe na wasiwasi, daktari..."

"Usinisemeshe kwa sauti hiyo! Mimi si mtoto wa chekechea!"

Nilidhani atabisha. Akakaa chini sakafuni, karibu na miguu yangu, akalia kilio ambacho sijakisikia kwake tangu siku tuliyomzika baba yake.

"Baba nilimpeleka mimi," akasema. "Njia nzima nilimwambia usiogope, ni kitu kidogo, jioni tutakula pamoja. Nilimwambia hivyo hivyo mpaka mlango wa chumba cha upasuaji. Maneno yangu ndiyo ya mwisho aliyoyasikia, Mama, na yalikuwa ya uongo. Nilipoambiwa na wewe upasuliwe, ulimi ulikataa. Nikawa nasema ya kukufurahisha. Nikaanza na macho, halafu hata televisheni nikashindwa kukutolea mtu amekufa."

Mume wangu nilijua alivyokufa. Sikujua kwamba mtoto amebeba jeneza lile peke yake miaka yote hiyo. Iliniuma kuliko jicho litakavyowahi kuniuma. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumzaba kibao. Nikafanya la kwanza, la pili nikaliweka akiba.

"Sasa nisimulie," nikamwambia alipotulia. "Mwisho wa yule mwashi. Vilevile ulivyokuwa."

"Mama, leo?"

"Leo. Kama huwezi la televisheni, la hospitali utaliweza?"

Akaanza, akakwama, akaanza tena. Akaniambia mwiko, lipu ya kwanza, lipu ya pili. Akaniambia jinsi uso wa yule mwashi ulivyokuwa hauna kitu. Akaniambia kugonga kulivyokwisha, na mwashi alivyonawa mikono akakaa mezani.

"Kwa nini alipiga lipu?" nikauliza.

"Aliogopa atakachokikuta."

"Enhe. Na aliyekuwa anagonga mle ndani ni mimi, mwanangu."

Aliinua mkono wangu, akauweka shavuni pake, na shavu lilikuwa limelowa chapachapa.

Siku ya kupasuliwa ilipofika, tulikwenda wote wawili. Mlangoni nikamuuliza, "Haya, utaniambia nini?" Akasema, "Naogopa, Mama. Sijui itakuwaje." Nikamwambia hapo sawa, nikaingia. Sijawahi kuingia mahali pabaya nikiwa na moyo mwepesi namna ile.

Walinifunga bendeji. Ilipokuja kufunguliwa nilikaa kwenye kile kiti changu, na daktari akaibandua taratibu. Kulikuwa na mwanga, ukungu, na kitu chenye pembe ambacho huenda ni dirisha. Taa ndogo ikanisogelea, ikaenda, ikarudi. Daktari hakusema kitu. Kimya kikawa kirefu.

"Mwalimu," nikasema. "Upo?"

"Nipo hapa."

"Nisimulie uso wake."

Nikamsikia anavuta pumzi. "Daktari ame..." akaanza, na ilikuwa ile sauti ya kulaza watoto. Akanyamaza. Alipofungua mdomo tena sauti ilikuwa imepasuka, nzito, sauti ya mtu mzima. "Hacheki, Mama. Amekunja uso. Anaangalia, anarudia tena kuangalia, na anauma mdomo."

Moyo ulinipiga ko, ko, ko. Nikamkamata mkono nikaubana.

"Vizuri," nikamwambia. "Endelea, usiruke kitu."