Pete Nne za Musyimi

Saa kumi na mbili na nusu jioni Mwalimu Ndila alitoa stuli uani, akaisimamisha darubini kwenye miguu yake mitatu, akafungua daftari na kumimina chai. Zilibaki dakika arobaini kabla ya jiwe moja la angani, lisilo na jina ila namba, kupita mbele ya nyota na kuizima kwa sekunde mbili. Watafiti wa chuo kikuu ndio waliomwazima darubini ile alipostaafu kufundisha fizikia. Vivuli vya mawe hayo hupita Kitui mara kwa mara, na watu wenye subira huku hawahitaji kutafutwa. Kitu usichoweza kukiona, walimfundisha, utakijua kwa taa kinayoizima.

Jioni hiyo taa iliyozimika haikuwa nyota. Ilikuwa taa kali ya Musyimi, naibu wa chifu, ng'ambo ya mto, ambayo Ndila alishamwomba mara sita aielekeze chini. Anab, jirani yake mwenye duka, alikuwa amekuja kuuliza kama darubini imemwona mbuzi wake aliyepotea. Wakasaidiana kuihamisha darubini kuteremka mtoni, mbali na mwanga ule. Walipokuwa wakishuka, taa ikafifia, ikawaka, ikafifia tena. Mara nne.

"Ni stima," Anab akasema.

"Stima haipotei kwa mpango," Ndila akamjibu.

Wakapanda tena. Mara nne. Wakashuka. Mara nne, pale pale. Ndila akaandika saa, jina lake, na kosa linalowezekana la kipimo, kisha akaandika: pete nne, zenye nafasi pana kati ya ya pili na ya tatu. Jiwe la angani lilipita bila kutazamwa na mtu.

Mto wenyewe ni wa mchanga. Maji huonekana juu yake siku chache tu kwa mwaka. Siku nyingine zote hulala ndani ya mchanga, na mtu huyachimba kwa mikono. Kisima cha Ndila alikianza mamake, na enzi hizo kilikuwa na kina cha mkono mmoja. Tangu malori yaanze kubeba mchanga kwenda kujenga maghorofa ya wenyewe, sasa kinashukiwa kwa ngazi. Sheria inakataza. Lakini pale kijijini sheria ni Musyimi, na Musyimi huyapungia malori mkono. Siku za mwizi ni arobaini, ndivyo watu husema. Ndila alikuwa amezihesabu za huyu zikafika mia tatu na ushee, naye ananenepa tu.

Asubuhi alivuka mto akiwa na utepe wa kupimia na saa. Pete zilikuwa zinaizunguka nyumba ya Musyimi usawa wa paa, nene kama godoro, kila chembe ikishika njia yake. Wanakijiji walikuwa wameziona tangu Januari na kukubaliana kwamba ni vumbi. Musyimi alikuwa anakunywa uji chini yake, kofia kichwani.

"Karibu, mwalimu. Inama kidogo hapo."

"Musyimi, huu ni mchanga wa mto."

"Ni vumbi tu, mwaitu," akasema, akimwita mama kwa Kikamba. "Mwaka huu vumbi ni mingi."

"Vumbi halizunguki nyumba kwa dakika nne kamili likarudi pale pale."

"Basi hii ni vumbi yenye nidhamu."

Jambo lenyewe halikuwa siri. Dereva mmoja alikuwa amemsimulia Anab dukani: kila lori ambalo Musyimi analipungia, beleshi tatu za mchanga hushuka zenyewe kwenye kona, hupanda kilima hadi kwake na kujipanga. Madereva hawakulalamika. Waliona ni kawaida ya barabara. Ndila alipima upana, unene na kasi, akagawanya, akapata malori elfu moja mia mbili na kumi, zaidi au pungufu kumi na mawili.

Kwenye ile nafasi ya katikati alikuwa akitembea mbuzi wa Anab, akichuma majani ya mkwaju wa Musyimi kila alipoufikia. Ndila hakushangaa. Pete za sayari ya Zohali nazo zina vimwezi vinavyotembea kwenye nafasi kama hizo na kuzuia kingo zisitawanyike. Vyombo vya angani vimevipiga picha, na wataalamu wenyewe huviita wachungaji. Anab alipofika kumchukua, Ndila alimwambia asimwondoe, ataharibu kipimo. Anab kwao ni Garissa na amechunga tangu utotoni. Alisema hajawahi kusikia mbuzi akichunga, lakini hakuona ubaya. Alipanda juu ya pipa akawa anamkamua kila alipopita, mkamuo mmoja kwa mzunguko. Kufikia adhuhuri alikuwa na kikombe.

Ndila aliandika ripoti ya kurasa mbili, akaituma kwa watafiti na kwa ofisi ya maliasili. Watafiti walijibu siku hiyo hiyo: kipimo safi, tafadhali rudia. Ofisi ilijibu baada ya wiki saba, kwa gari lenye watu watatu. Ndila alivaa viatu vya kanisani. Alitaka kitu kimoja tu, malori yasimame kabla kisima hakijakauka, na aliwashikia utepe mwenyewe.

Vipimo vyao vililingana na vyake. Mkubwa wao, bwana mpole, alisoma sheria mara mbili. Ilikataza kutoa mchanga mtoni. Mchanga ulioko hewani haikuutaja.

"Mwalimu, kazi yako ni nzuri sana," akasema. "Umetuonyesha mchanga haujapotea. Uko, na umetunzwa."

"Na malori?"

"Hayo hatujayaona."

Lori likapita getini. Beleshi tatu za mchanga zikapita juu ya vichwa vyao na kuingia pete ya nne. Yule bwana akashika kofia yake isichukuliwe.

Musyimi alipewa cheti cha uhifadhi. Pasta aliomba, kwaya ikaimba, na Musyimi akasimama chini ya pete zake akawaambia watu, "Usione vyaelea, vimeundwa." Walimpigia makofi. Ndila naye alipiga, mara moja, kwa ajili ya mbuzi.

Mwezi wa tisa kisima kiligonga mwamba. Ndila alikaa kwenye ngazi mle ndani akalia, kwa sababu mamake hakuwahi kuhitaji ngazi. Alipomaliza kulia alifikiri kama mwalimu. Maji hulala ndani ya mchanga. Mchanga uko kwa Musyimi. Akaibeba ngazi ile ile, bakuli na mtungi wa lita ishirini, akavuka.

Alichimba kwenye pete ya pili, kina cha mkono mmoja. Maji yakajaa polepole, ya baridi, yenye ladha ile ile ya nyumbani. Musyimi alimshikia ngazi.

"Chota tu, mwaitu, usiogope. Lakini siku nyingine upitie ofisini kwanza tuandike jina."

Siku hizi watu wa ng'ambo zote mbili hupanga mitungi getini kwa Musyimi kuanzia alfajiri. Heshima yake imepanda, maana ni vigumu kumsema mtu akiwa amekushikia ngazi. Jumapili huombewa kwa jina. Malori bado yanapita, na kila linapopita moja foleni huchangamka kidogo, kwa kuwa pete inaongezeka.

Jioni Ndila huandika kwenye daftari saa, jina lake na kosa linalowezekana. Pete: tano. Mchungaji: mzima, anakamuliwa. Maji: yapo. Mwangalizi: wa kumi na saba kwenye foleni.