Maji ya Uvuguvugu

…kutengeneza au kununua mpya, basi, hilo tu ndilo analoniuliza fundi, swali la kujibiwa kwa neno moja, na mimi nimesimama bafuni nimekumbatia kifuniko cha hita kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa wenyewe, simu nimeibana kati ya sikio na bega, mume wangu yuko kazini kwake anasema halo, halo, umenisikia, arekebishe tu, ikisukuma miezi miwili mitatu inatosha, kwani mama si anakwenda kwa kaka yako… nimekusikia, namwambia, subiri kidogo, na nimemsikia kweli, tatizo ni kwamba hata mama amemsikia, maana simu hii sauti yake ni ya mpiga mnada na mama amesimama hapo mlangoni, bega limeegemea fremu, macho yako chini kwenye ndoo tuliyoikinga, maji yanadondoka ndani yake rangi ya chai, na hageuzi uso, hata kope haipigi, mama anajua kutosikia kuliko mtu yeyote ninayemjua… fundi ndiye aliyelianzisha, alishuka ngazi nusu akauliza kama anayeuliza saa, "Dada, hakuna mtu humu aliyewahi kuhisi maji yanamtekenya?" na mimi nikasema hapana, upesi, kwa sababu sikumwitia hilo, nilimwitia maji yasiyopata moto, kila asubuhi uvuguvugu, mume wangu anatoka bafuni amejikunja kama kuku aliyenyeshewa, ananung'unika kwamba hita hii imezeeka kuliko nyumba, na fundi akanitazama, akasema, "Mbona inachemsha vizuri? Kuchemsha si shida yake. Koili imetoboka, inaachia umeme kwenye maji, na huu waya wa kuupeleka umeme ardhini umekatika," akaniambia niwashe swichi mara moja, akagusisha tesita kwenye bomba, kitaa kilichomo ndani yake kikawaka chekundu, kidogo, kama jicho la panya, "Zima," akasema, nikazima, na kabla sijaelewa nilichokiona sauti ya mama ikatoka nyuma yangu, ya chini, ya mtu anayeomba njia apite, "Yanatekenya. Mimi yalinishika mkono."

Tangu lini, mama… tangu wiki ile aliyofika, anasema, wiki ile ile, na hakusema, mama huyu huyu ambaye zamani akinusa moshi kidogo alikuwa anaamsha nyumba nzima pamoja na majirani, hakusema, na sasa mambo yananirudia kinyumenyume, kile kitambaa kikavu alichokuwa anajifunga mkononi kabla ya kufungua bomba, nikamwambia mama, hicho ni cha kufutia uso, akasema samahani mwanangu, akakitundika mahali pake, na kandambili zake za mpira ambazo hataki kuzivua hata akiosha mikono tu, na mtoto, Mungu wangu, mtoto, kumwogesha mjukuu wake kwenye beseni jikoni, hataki aguse bafu, mwacheni nimwogeshe mwenyewe, nisije nikafa bila kumwogesha, mume wangu akacheka akasema mama yako anatulelea mtoto kizamani, nami nikacheka, nikamtetea nusunusu, vile mtu anavyomtetea mama yake mbele ya mumewe, kumbe… na zile nyayo zake ukumbini kabla ya kupambazuka, nazisikia nikiwa kitandani, najiambia ni uzee, usingizi wa wazee ni mwepesi… "Mama," nasema, "swichi ulikuwa unaizima wewe?" na fundi juu ya ngazi anaisimamisha bisibisi hewani, mama anasema, "Naiwasha mapema. Yakianza kupata moto naizima, kabla hamjaingia. Ikiwa imezimwa haishiki mtu," anasema hivyo tu, kama anayeeleza jinsi ya kufunga dirisha, na ni kweli haikutushika, hata mara moja, tulioga na kulalamika, kila siku tukilalamika baridi, na yeye mezani anatumiminia chai, anasema pole baba, kunywa upate joto…

"Kwa nini hukusema?" sauti yangu imekuwa kali, sikuitaka iwe kali, na simu inasema nini, kuna nini huko, nani hakusema, na mama anaukuna ukucha wake, "Ningesema mngemwita fundi, fundi angewaambia nunueni. Nikaona niondoke kwanza, isiwe mgeni ndiye aliyewaletea gharama," halafu anacheka kidogo, kicheko kisichofika machoni, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi ya tatu niliipita zamani, na jembe sikupewa," na fundi anacheka naye kwa adabu, hajui anacheka nini, na mimi siwezi kucheka kwa sababu naliona begi lake, begi la bluu chini ya kitanda, nguo zake zote zimo ndani mpaka leo, zimekunjwa, kabati tulimwonyesha ila hakuweka kitu humo, nikasema mama ni msafi, mama anapenda mpangilio… nani afungue begi wakati kila tukikaa kula tunasema ukienda kwa kaka, ukishafika kwa kaka, na kaka mwenyewe kila nikimpigia anasema chumba bado hakijapigwa lipu, bado mlango, bado rangi, tunarushiana mama kama mpira, kwa heshima, kwa salamu nyingi, na yeye katikati anasikiliza… alikuwa anazamisha kiwiko, nakumbuka, kabla ya kunimwagia maji nikiwa mdogo alizamisha kiwiko kwanza, ananiambia mkono unadanganya, mkono umezoea moto, kiwiko hakidanganyi, na mimi natetemeka uchi nikimwambia haraka mama, haraka…

"Dada," anasema fundi, "nisikilize, kuna kazi nyingine inanisubiri. Nikikubadilishia koili na kuunga waya itakuwa salama, sikudanganyi. Lakini tangi limeliwa na kutu huku chini. Litakusogeza miezi kadhaa, basi. Sasa useme," miezi kadhaa, nasema moyoni, ndiyo hiyo miezi yenyewe, tuliyompimia mama bila kumwambia, na mume wangu si mtu mbaya, ndiye aliyembeba mama mgongoni siku ile alipoanguka ngazini, alimbeba mpaka garini akimtania njiani, ila ni mtu wa kupenda kujua jambo litaisha lini, na leo jioni atakaa kwenye kochi, atavua viatu taratibu, atasema tulikubaliana, na ni kweli tulikubaliana, sote, isipokuwa mama… "Weka koili tu, fundi," anasema mama, "usiwatie hasara," na hapo mdomo wangu unatangulia, sijaupa ruhusa, "Mpya," nasema, "tunaweka mpya," simu inasema umesema nini, umesema mpya, si tumeongea sasa hivi, ngoja, mwambie angoje nije, na fundi anafuta mikono kwenye suruali, hashangai, kwake ni kazi tu, "Sawa. Ya ukubwa gani? Maana zipo za watu wawili, zipo za familia. Hapa mko wangapi?" na kabla sijavuta pumzi mama amekwisha kujibu, kwa upole, kama anayemsaidia mtu hesabu rahisi, "Wao wako watatu," na nageuka, kifuniko bado nimekikumbatia, shingo inaniuma kwa kuibana simu, mume wangu anapumua upande wa pili, anasikiliza, "Wanne," nasema, "tuko wanne," na sijui namwambia fundi, au simu, au mama.